Rababendi ya Wifi

Jina la Tisa na Nusu alibandikwa na wifi yake, na ofisi nzima ikalipokea bila ubishi kwa kuwa hesabu yake ilikuwa sahihi. Mashine ya kukatia karatasi ilikuwa imeondoka na ncha ya kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, ule unaoshikilia karatasi wakati wa kulia unashusha kisu. Ofisi ilichukua hatua. Juu ya mashine ileile ilibandika tangazo la KUWA MWANGALIFU, lililokatwa kwa mashine ileile, likatoka limepinda. Mwenyewe akahamishiwa stoo. Nafasi yake kwenye kisu akapewa wifi, dada wa mumewe, ambaye siku zote alikuwa akisema kazi ile inataka mtu mwepesi.

Ilikuwa ofisi ya maji. Kila mwisho wa mwezi ilitoa ilani za kuwaonya wateja wasiolipa, na kwa kubana matumizi, ilani tatu zilichapwa kwenye karatasi moja. Kwa hiyo zote zilipaswa kukatwa. Kati ya stoo na chumba cha mashine palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu, na kutwa nzima Tisa na Nusu alisikia kisu kikishuka: chaka, chaka, chaka. Sauti hiyo haikumsumbua. Kilichomsumbua ni pale iliponyamaza. Hapo aliinua kichwa, kalamu ikabaki hewani, akangoja mpaka kisu kiendelee au wifi apige chafya. Ndipo alipopumua.

Wifi alizaliwa na haraka. Jioni alishona magauni ya maharusi katika chumba kilichotazamana na cha Tisa na Nusu, ua mmoja, bomba moja, na magauni hayo ndiyo yaliyomsomesha mwanawe. Shanga hazishonwi kwa ulimi, ingawa wa wifi ungeweza. Zinashonwa kwa vidole. Tisa na Nusu alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kwake siku hizi hata kifungo cha shati ni shughuli.

Springi ya mashine ya zamani ilipochoka na mkono wa kisu ukaanza kushuka wenyewe, hata Bosi aliona haya. Aliagiza itafutwe mashine mpya, iliyo salama, na Tisa na Nusu asaidie kuichagua.

"Wewe una uzoefu," alimwambia.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma.

Muuzaji wa vifaa vya ofisi alileta mashine mbili za kujaribu. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, pana kama meza ya kupigia pasi, yenye mkono mrefu na kinga ya plastiki angavu iliyosimama kati ya kisu na vidole. Ilikata bunda zima kwa pigo moja. Ya pili ilifanana na rula iliyolala. Kisu chake kilikuwa duara dogo lililofungiwa ndani ya kichwa cha plastiki, na kichwa kiliteleza kwenye reli, kikikata karatasi chache tu kwa safari moja.

"Hii ndiyo yenyewe," muuzaji alisema akigonga kinga ya ile kubwa. "Usalama wa kisasa."

"Hiyo kinga inainuka?" Tisa na Nusu aliuliza.

"Inainuka, mama, wakati wa kusafisha tu."

"Basi hapa kwetu itasafishwa kutwa."

Muuzaji alitabasamu kama mtu aliyesikia mzaha. Hakuwa ameifahamu ofisi. Mle ndani, chochote kilichowekwa kwa ajili ya usalama kilihesabiwa kuwa kizuizi, na vizuizi vilifungwa visisumbue. Mlango wa dharura, uliotengenezwa ujifunge wenyewe, ulizuiwa kwa tofali. Feni ilivuliwa kizimba chake ili upepo upite vizuri. Kinga ya mashine ya zamani ilivutwa juu kwa rababendi tangu wiki ya kwanza, na hakuna aliyeona ni utundu. Ilikuwa namna ya kufanya kazi, na mgeni aliyeuliza alionekana mvivu.

Wifi aliitazama ile ndogo, akakisukuma kichwa chake mara moja, akaguna.

"Hii wameisahau watoto wa chekechea."

"Ijaribu tu, wifi yangu."

"Nikikatia hii, ilani za mwezi huu zitatoka mwakani. Mji mzima utakunywa maji bure kwa sababu ya huruma yako."

Bosi alicheka. Naye aliipenda ile kubwa. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vizito, akiamini kwamba kisichohitaji watu wawili kukibeba hakijanunuliwa sawasawa.

Jioni hiyo walikutana bombani, kila mmoja na ndoo yake.

"Unaionea wivu ile mashine," wifi alisema.

"Naiogopa."

"Kidole kilikatika chako, woga unataka niubebe mimi. Kila mtu na mzigo wake, dada."

Tisa na Nusu aliinua ndoo yake. Kumwambia wifi aache haraka ni kama kuliambia jua lipunguze moto. Akaamua Bosi ajionee kwa macho yake. Asubuhi aliomba jambo moja tu: mashine kubwa aachiwe wifi, aitumie apendavyo, na mtu yeyote asimwambie neno.

Akarudi stoo kusikiliza. Kisu kipya kilikuwa na sauti nene zaidi. Mwanzoni kilishuka kwa utaratibu, kikifuatana na mgongano wa mkono unapofika juu na kunasa mahali pake. Kisha ule mgongano ukatoweka. Zilibaki chaka tupu, moja ikiikanyaga nyingine. Tisa na Nusu alisimama, akaenda kuchungulia.

Kinga ilikuwa imefungwa juu kwa rababendi nyekundu. Hilo alilitegemea. Ambalo hakulitegemea ni mkono wa kisu: wifi hakuwa akiuinua tena mpaka juu unakonasa. Aliuacha ukining'inia katikati ili kuokoa nusu ya safari, huku vidole vyake vikinyoosha bunda chini yake.

Ushahidi ulikuwa kamili. Tisa na Nusu akaenda kumwita Bosi, na hapo ndipo alipokosea, maana alileta mtu wa ziada mahali ambapo hata mtu mmoja alikuwa amezidi.

Bosi aliingia na muuzaji, aliyerudi kusikia jibu. Hakuiona rababendi. Aliona rundo la ilani zilizokwisha kukatwa, na uso ukamng'aa.

"Kazi ndiyo hii," alisema, akausogelea ubao wa mashine. Akaanza kueleza alivyowahi kuona mashine kama hiyo katika ofisi ya rafiki yake, kubwa zaidi, na jinsi watu kule walivyoiheshimu. Bosi hakuweza kusimulia bila kuegemea kitu. Kwenye mikutano aliegemea kiti cha jirani. Tisa na Nusu alikiona kiwiko kikitafuta pa kutua. Alikiona kikiuchagua mkono wa kisu. Alifungua kinywa, lakini kiwiko kilimtangulia.

Chaka.

Kitu chekundu kiliruka kutoka mezani, kikaanguka sakafuni karibu na kiatu cha muuzaji. Kilikuwa kidogo, kimepinda kidogo. Hakuna aliyeinama. Wifi alikuwa ameganda, mkono wa kushoto umefunikwa na karatasi, macho yakiwa ukutani kwenye lile tangazo lililopinda.

"Wifi," Tisa na Nusu alisema. "Nionyeshe mkono."

Wifi hakusogea.

"Nionyeshe mkono, mama."

Mkono ukatoka chini ya karatasi polepole, kama kitu cha kuazima. Vidole vilikuwa vitano. Kucha ndefu nyekundu zilikuwa nne. Ya tano, ya kidole cha kati, ilikuwa imekatwa sambamba na nyama, safi, kama kazi ya fundi.

"Ilikuwa ya bandia," wifi alisema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mle ndani. "Ni ya gundi tu."

Muuzaji aliketi juu ya katoni. Bosi aliuinua mkono wa kisu kwa vidole viwili, akaupeleka juu mpaka ukanasa.

"Mashine haina kosa," alisema. "Ni mimi niliyeegemea."

Ilikuwa kweli, na haikuwa rahisi kwake kuisema.

"Ni kweli, Bosi," Tisa na Nusu alijibu. "Na kesho utaegemea tena, kwa sababu ndivyo ulivyo. Wifi atafunga tena rababendi. Mimi nikirudishwa hapa na kazi ikinibana, nitafunga vilevile. Tununue ile ambayo tukiifanyia ujinga wetu wote, kisu bado hakitoki nje."

"Mafunzo kidogo tu yangetosha," muuzaji alisema kutoka kwenye katoni. "Kuna mahali pa kunasia mkono."

"Papo. Tumepasikia pakitumika asubuhi, kisha hatukupasikia tena."

Bosi alimgeukia wifi. Yeye ndiye angekaa na mashine, na ilani zilikuwa zake. Wifi aliinama, akaokota kipande cha kucha, akakitia mfukoni.

"Leteni ile ya chekechea," alisema.

Ilani zilichelewa mwezi ule, kama alivyotabiri, na Bosi alinung'unika, ingawa sasa alinung'unika akiwa amesimama mbali na meza. Mashine ndogo haikusema chaka. Ilisema sss, sss, na ukimya wake uliendelea kumsimamisha Tisa na Nusu mara kadhaa kwa siku, kalamu hewani, mpaka akachoka kukisia na kwenda kutazama.

Wifi alikuwa ameshaifunga rababendi. Nyekundu, kama ile ya kwanza. Aliikaza kwenye kibao kinachobana karatasi kabla ya kukatwa, kikae juu kisimcheleweshe. Tisa na Nusu alishusha kidole chake kifupi, akakipitisha kando ya kichwa cha kisu, juu, chini, akikitafuta chuma. Hakukipata. Aliitazama rababendi, akaiacha ilivyo.

"Unakagua nini, Tisa na Nusu?"

"Nahesabu."

"Kumi," wifi alisema bila kuinua macho. "Nenda kahesabu peni zako."