Jino Baya la Shemeji

Dada yangu alipotaka kuolewa na mpuliza saksafoni, mama yetu aliuliza swali moja tu: "Na mchana anafanya kazi gani?" Dada akajibu kwamba mchana anafanya mazoezi. Mama akaendelea kukunja nguo. Mpaka anafariki hakuridhika na jibu hilo, ingawa mkwe wake huyo alimpenda kuliko alivyonipenda mimi aliyenizaa.

Watu humwita Pumzi. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani kwao. Kila asubuhi husimama mbele ya kabati la nguo, milango wazi ili makoti na magauni yameze sauti, akavuta noti moja ndefu ya saksafoni mpaka unaanza kumwonea huruma. Watoto wanaokwenda shule hupita chini ya dirisha lake wakibana pumzi kushindana naye. Alikuwa hajashindwa hata siku moja, na alilijivunia jambo hilo kuliko tuzo yoyote, maana tuzo zenyewe hajawahi kuzipata.

Mimi ni shemeji yake na ndimi mpiga besi wake, besi lile la kusimama, refu kunizidi. Wapiga besi hatusifiwi. Watu hutugundua siku tukiacha kupiga. Lakini miaka yote nimesimama nyuma yake nikikitazama kisogo chake, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusimulia.

Muziki wetu ni wa papo kwa papo. Tunakubaliana wimbo, tunaupiga mara moja kama ulivyo, halafu kila mmoja anapewa zamu yake aseme alichonacho moyoni, na wengine tunamshikia chini asianguke. Hakuna zamu inayofanana na ya jana. Bwana harusi mmoja aliwahi kumfuata Pumzi amekunja uso: "Mzee, siku ya mazoezi wimbo wangu uliupiga vingine." Pumzi akamjibu, "Siku ya mazoezi ulikuwa hujaoa."

Ndivyo alivyoishi na kulea: harusi, mazishi, uzinduzi wa maduka, wanafunzi wawili watatu wa mchana, na kila Jumapili alasiri sisi wanne kwenye ukumbi wa chini wa hoteli ya orofa tatu, kati ya mapokezi na mlango wa jikoni. Mpiga piano wetu ni mama aliyestaafu ukunga. Mpiga drams ni fundi bomba, na meneja amewahi kumwomba ashuke jukwaani akazibue sinki, tukamalizia wimbo bila yeye. Si maisha ya kutajirika. Pumzi huamka akayashukuru, mimi huamka nikaulizia chai.

Balaa lilitoka kwa mtu anayempenda kupita wote, mjukuu wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa anarukaruka juu ya kochi, babu akainama ambusu, mtoto akaruka. Utosi ukakutana na jino la mbele la juu, la kushoto. Jino hilo lilikuwa limeanza kulegea zamani na mwenyewe alikuwa ameificha siri hiyo. Likatoka zima. Mtoto hakulia, aliliokota zuliani akampa mwenyewe: "Babu, limeanguka."

"Hicho kichwa amekirithi kwako," Pumzi alimwambia dada yangu, damu ikimchuruzika kidevuni.

Dada yangu ni mwalimu wa chekechea. Maisha yake yote amezungukwa na mapengo, hashtuki. Akamkunjia kitambaa safi, akamwambia, "Uma hapo, usiongee." Mimi nilipofika nikamwambia shemeji sasa akaandikishwe chekechea, ada nitatoa mimi, tena mwalimu wanajuana. Tulicheka wote. Katika vurugu hiyo jino lenyewe likafagiwa pamoja na takataka. Nani angejua? Mtu pekee aliyefikiria saksafoni alikuwa yeye, naye alikuwa ameambiwa asiongee.

Kwa asiyejua, saksafoni haipulizwi kwa midomo mitupu. Ina kipulizio, kipande cheusi kinachotiwa kinywani, na meno ya juu ya mbele hukaa juu yake yakakishika kisitikisike. Mdomo wa chini, ulimi na pumzi vyote hujipanga kwa kuyategemea meno hayo. Ukiondoa moja umeng'oa mguu wa meza.

Fizi ilipopona, daktari wa meno alimtuma kwa fundi wa meno ya bandia, chumba cha nyuma ya zahanati, chenye harufu ya nta na taya za plasta zilizopangwa rafuni. Fundi mwenyewe alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye miwani moja machoni na nyingine kwenye paji. Alimtengenezea jino zuri la kuvaa na kuvua, la rangi ileile, limelingana na mwenzake sawasawa. Dada akasema ameolewa upya. Pumzi akajitazama kwenye kioo, akashukuru, akaenda nyumbani kufungua kabati.

Noti ilitoka ikayumba, ikapiga mluzi, ikakatika. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Chini ya dirisha mtoto mmoja akapaza sauti kwa furaha, "Nimemshinda! Nimemshinda Pumzi!"

Akafunga kabati.

Alirudi kwa fundi zaidi ya mara moja. "Linauma?" Haliumi. "Linacheza?" Halichezi. "Sasa mzee wangu, nirekebishe nini?" Pumzi alijua kuna kitu hakipo mahali pake, lakini ni kipi na kwa kiasi gani, hilo hakulijua, kama vile wewe usivyojua mguu wako upi hutangulia ukitoka kitandani. Wiki zikapita. Noti ndefu haikurudi, na bila noti ndefu yeye si yeye. Mwishowe akatuambia tutafute mtu mwingine.

Tulikataa. Mama mkunga, ambaye kwenye bendi yetu neno lake ndilo la mwisho, alisema, "Zamu yake hailiwi." Kwa hiyo kila Jumapili, zamu ya saksafoni ilipofika, sisi watatu tulipiga sauti za chini tu, duru nzima ya wimbo, bila mtu juu. Wageni wa hoteli walidhani ni mtindo mpya. Wengine walitupigia makofi, nadhani kwa adabu zao.

Naye alikuwepo. Dada alikuwa akimleta kwa nguvu, amempigia shati pasi, anamkalisha kwenye meza ya karibu na mlango wa jikoni. Zamu yake tupu ikifika, alikuwa akitazama sakafu. Jumapili moja uvumilivu uliniisha. Nilimfuata nikamuuliza, "Shemeji, umekufa? Tujue moja, tuanze kuchanga."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Jino la pembe si dawa ya pengo," alisema. "Wahenga walishamaliza. Jumatatu ya wiki ijayo, si ya kesho, naipeleka saksafoni kule shuleni, bendi ya wanafunzi. Nimeshaongea na mwalimu mkuu. Chombo hakifai kulala, shemeji. Kimenilisha, kimenilelea watoto. Sina kinyongo."

Nilirudi kwenye besi langu nikapiga vibaya alasiri ile yote.

Sasa, kuna kazi moja ambayo Pumzi hajawahi kuifanya tangu aoe, nayo ni kuosha kipulizio chake. Alipooa kilikuwa kinanuka, bibi harusi akakinyang'anya, na tangu hapo kila Jumamosi dada hukiosha kwa maji ya uvuguvugu na mswaki wa mtoto. Jumamosi ile ya mwisho nilikuwa jikoni kwao, nakunywa chai na kununa. Pumzi alikuwa ametoka na mjukuu. Dada alikuwa anakiosha kipulizio ili kiende shuleni kikiwa safi, na machozi yako karibu.

Nikaona kidole gumba chake kimesimama.

"Njoo," akaniita. "Weka kidole hapa. Juu."

Niliweka. Juu ya kile kipande cheusi palikuwa na vishimo viwili vidogo, vimekaa bega kwa bega.

"Nilipoanza kukiosha kilikuwa laini kabisa," alisema. "Nimeviona vikichimbika mwaka hadi mwaka. Ni meno yake hayo. Sasa sikiliza kwa kidole. Cha kulia kifupi. Cha kushoto kimeingia ndani, tena kimelala upande."

Mimi nimekaa nyuma ya mtu huyo nusu ya maisha yangu na sikuwahi kujua. Hata yeye hakujua, maana alivijua kwa meno, si kwa macho. Dada alikuwa tayari anavua aproni.

Tulimkuta fundi wa meno anafunga mlango. "Fundi," dada alisema kabla ya salamu, "nataka jino baya."

"Mama, watu huja hapa kutafuta..."

"Lile zuri tunakushukuru, atalivaa kwenye picha. Mimi nataka baya kama lile la kwanza. Umbo lake hili hapa." Akampa kipulizio.

Fundi alibadilisha miwani. Alipasha nta, akaibandika juu ya vile vishimo, akaibandua polepole, akaipeleka dirishani. Aliigeuza huku na huku. "Aisee," akasema. "Lilikuwa limempita mwenzake. Na limejipinda. Mimi nililinganisha, kwa sababu kila mtu huomba kulinganishwa." Akacheka. "Na huyu mzee amefanya kazi miaka yote na lililopinda!" Akafungua tena mlango, akawasha taa. Jumapili ilikuwa siku yake ya kupumzika. Hata hivyo alitwambia tumlete kesho asubuhi.

Pumzi alikuja akilalamika kwamba tunamsumbua mtu wa watu siku ya mapumziko. Alikaa kitini. Fundi alimtia jino, akampa kipulizio akiume, akakichomoa, akapiga tupa kidogo, akampa tena. Hivyo hivyo, mara nyingi, tupa ikilia na dada akisimama nyuma ya kiti kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Halafu, katikati ya lalamiko, shemeji yangu akanyamaza. Jino lilikuwa limeingia shimoni kwake. Machozi yakamlengalenga, na kipulizio bado kikiwa kinywani.

"Nani kawaambia?" aliuliza alipokitoa.

"Kidole gumba," dada akamjibu.

Fundi alimwomba apulize kidogo tusikie. Alikataa. Nilimwelewa. Kama ingeshindikana na sasa, basi ndiyo imeshindikana kabisa, na bado Jumatatu ilikuwa inakuja.

Alasiri alikaa kwenye meza yake ileile karibu na mlango wa jikoni, ila safari hii saksafoni ilikuwa mapajani, imefungwa mkanda shingoni. Dada alikuwa pembeni na mjukuu amempakata. Tukaanza. Zamu ya mama mkunga ikapita, ikafika yake. Tukashika chini, sisi watatu, kama tulivyozoea. Duru ikazunguka nzima. Saksafoni haikuingia. Nikamtazama mkunga; ulikuwa wakati wa kurudi kwenye wimbo tumalize. Yeye akatikisa kichwa, akaianza tena duru ileile toka mwanzo. Nadhani kazini kwake alizoea kusubiri.

Nilikuwa nimeinamisha uso nisimwone akishindwa. Kwa hiyo sikuona alivyosimama, nilisikia tu.

Ilikuwa noti moja. Haikuyumba. Ilitoka kwenye meza ya karibu na mlango wa jikoni, ikapita juu ya vikombe vya wageni, ikakaa pale juu ya besi langu mahali palipokuwa patupu wiki zote zile. Mhudumu alisimama na trei yake mlangoni. Fundi bomba akaacha kupiga, mikono juu. Nilimshukuru Mungu, nasema wazi, nilimshukuru kwa dada yangu, kwa fundi wa meno, kwa kila Jumamosi ya maji ya uvuguvugu. Noti ikaendelea.

Nikainua macho. Mjukuu, mapajani mwa bibi yake, alikuwa amejaza mashavu, ametumbua macho, amebana pumzi. Alikuwa anashindana. Akawa mwekundu wa macho, akatetemeka, na babu bado anavuta, mpaka mtoto akapasuka kwa kicheko na mate.

"Babu kashinda!" akapiga kelele ukumbi mzima. "Bibi, babu kashinda!"

Pumzi hakuweza tena, naye akacheka, na noti ikaisha hapo. Akapita katikati ya meza hadi jukwaani, akashika kipaza sauti, yeye ambaye hajawahi kusema kitu kwenye kipaza sauti tangu nimjue. Akatabasamu mbele ya watu wote, jino limejipinda vilevile kama zamani.

"Ahsante, mke wangu," alisema.

Dada alikuwa amejifunika uso kwa nywele za mjukuu. "Piga bwana," akajibu kwa sauti iliyokatika, "watu wanasubiri."