Jina Lililoitwa Hospitalini

Mwaka serikali ilipotukataza majina ya ubatizo na kututaka tuchukue ya asili, nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya hospitali hapa Kalemie. Muuguzi akatokea mlangoni.

"Watu wa Kisimba, yule aliyepasuliwa asubuhi!"

Watu wakatazamana. Mama mmoja kando yangu alikuwa akisokota ncha ya kitenge chake.

"Na mume wangu, Papa Yosefu?" akauliza.

"Yosefu hayuko humu, mama."

Akaanza kulia. Ndipo sauti dhaifu ikatoka ndani:

"Mama Eliza, usinililie! Kisimba njo miye, ndilo jina langu jipya!"

Jioni nilimfundisha mke wangu jina langu jipya. Akalirudia vizuri, kisha akasema, "Sawa, Papa Yohana. Sasa kula."

Nikasogeza sahani kando, nikamwambia alirudie tena.