Nilimuuzia siri Mama Zaina wa depo ya mpunga, akaikataa

Wakuu, salama. Niko Kasongo, Maniema, huku Kongo. Haya yamenipata mwenyewe, nilichobadilisha ni majina tu.

Nilimaliza chuo, mambo ya kompyuta, nikakaa nyumbani mpaka nikachoka kuulizwa nitapata kazi lini. Kisha kampuni ndogo ya intaneti ya satelaiti ikanichukua kwa majaribio, nitafute wateja wa biashara hapa na upande wa Kabambare. Bosi alisema neno moja: mwezi ukiisha bila mkataba, rudisha antena.

Zilibaki siku nne. Mkataba hata mmoja sina.

Nikaenda kwa Mama Zaina, mwenye depo ya mpunga karibu na soko. Wakala wake, Saidi, anamnunulia mpunga kule Wamaza. Kila asubuhi wanaongea kwa phonie, ile redio ya mawimbi, kwenye kibanda cha jirani. Kibanda kinajaa, na kila mtu anasikia ya mwenzake.

Nikaona hapo ndipo pa kumshika. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Nilijiuliza hata nikae upande gani wa meza.

"Mama, kwa intaneti yetu hakuna mutu atasikia maneno yako. Ni wewe na Saidi tu."

Hakuinua macho. "Nani alikuambia niko na siri?"

"Apana Mama, ila washindani..."

"Mutoto yangu, Saidi akisema kwa phonie, watu wote wanasikia. Kesho hawezi kukana. Wewe unaniondolea mashahidi, halafu nikulipe?"

Wapakiaji wa magunia wakacheka, wakaniita mhandisi kwa Kifaransa. "Ingénieur, rudia mwaka."

Siku hiyo sikula. Kwa nini nilisema washindani? Nimemtukana? Niliandika ujumbe wa kuomba radhi mara sita, nikafuta mara sita.

Asubuhi nikaazima spika ya muziki ya kaka yangu, nikarudi na antena. Mwenzangu wa kampuni alikuwa Wamaza na antena ya pili, nikamwomba amkalishe Saidi karibu na simu yake.

"Mama, nilikosea. Mtumiane ujumbe wa sauti na Saidi, na spika isikike depo nzima. Na maneno yanabaki ndani ya simu, hata wiki ijayo utayasikia tena."

"Yanabaki?"

"Yanabaki, Mama."

Akasogeza kiti. Akasema kwenye simu: "Saidi, mpunga iko namna gani?"

Jibu likaja kwa sauti kubwa: "Iko muzuri sana, Mama." Kisha jingine: "Hii machini mupya... uko peke yako?"

"Apana. Wapakiaji wako hapa, na wanunuzi."

Dakika zikapita. Nikadhani network imekata. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, kichwani naifunga antena nairudisha kwa bosi.

Kisha Saidi: "Basi Mama, kama watu wote wanasikia, kesho siwezi kukana... magunia kumi na mbili yalipata mvua. Niliogopa kukuambia."

Hakuna aliyecheka.

Mama Zaina akamjibu aanike leo hii, asichanganye na mengine. Ndipo akanigeukia. "Leta ile karatasi yako ya mkataba."

Nilichojifunza: nilikuwa nauza usiri, kitu kilichonivutia mimi chuoni, bila kumuuliza yeye anaogopa nini. Saidi bado yuko kazini, nimeulizia mara tatu, maana wazo kwamba nimemponza halijaniacha.

Nyie mnaouza intaneti, au mlioko Nyangwe na Kabambare, mteja mnamuuliza nini kwanza? Andikeni, hata mkinicheka. Nitasoma kila jibu, na najijua, nitasoma mara mbili.