Shati Lenye Madirisha Mgongoni

Sikuondoka Gairo kwa kupenda kutembea. Niliondoka kwa sababu baraza yangu ilikuwa inaniponyoka. Tangu mambo yawe ruksa na marobota ya mitumba yaanze kushushwa sokoni kwetu, watu waliacha kununua vitambaa, na asiyenunua kitambaa atamfuata fundi kwa lipi? Side, kijana aliyekuwa akiuza karanga juzijuzi tu, sasa anasimama juu ya meza anapiga makofi, "Chagua, ya Ulaya hiyo, chagua!", na wateja wangu wa siku zote wamemzunguka. Mimi nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Bwana Jivan, narudishia vifungo vya sare za shule.

Bwana Jivan alizaliwa papo hapo Gairo, na baba yake ndiye aliyempa marehemu baba yangu nafasi kwenye baraza ile. Siku moja akaniletea chai mwenyewe, akaketi. Nikajua kuna jambo.

"Fundi Hamisi," akasema, "Side anaitaka hii baraza atundike nguo zake. Nimemwambia asubiri Idi ipite. Lakini Idi ikipita na cherehani yako iko kimya hivi, ndugu yangu, sitakuwa na la kumjibu."

Loo, nilikasirika! Sikumkasirikia yeye, maana alisema kwa adabu. Niliwakasirikia wazungu. Hivi wana nini katika nguo zao hata watu wetu wamwache fundi anayewajua viuno tangu ujana wao? Halafu nikajiuliza, mimi mwenyewe nguo hizo nimeziona wapi? Nimeziona zimekunjamana kwenye robota, hazina mtu ndani. Na nguo usiyoiona mwilini hujaiona. Dada yangu Zubeda ameolewa Morogoro mjini, Mwembesongo, na mumewe Kibwana kazi yake ni kuwapandisha watalii milima ya Uluguru. Mwenda bure si mkaa bure. Nikafunga cherehani, nikafunga safari.

Alfajiri ya kuondoka nilivaa suti yangu ya mikono mifupi, rangi ya maziwa, niliyoishona mwenyewe, na mstari wa pasi ungeweza kukata mkate. Viatu nilivipiga kiwi mpaka nikajiona. Kwetu mtu hasafiri na nguo ya shamba. Huko uendako hawakujui, kwa hiyo watakusoma kola kwanza, na ukiwa mchafu umewaaibisha wote uliowaacha nyumbani. Basi la kwanza kutoka Dodoma lilipofika nilitandika gazeti kwenye kiti ndipo nikakaa, na abiria mwenzangu akasogea kidogo akidhani mimi ni ofisa.

Saa za mchana nilikuwa Morogoro. Milima ilikuwa imejifunika ukungu mabegani, chini kijani kitupu. Dada Zubeda nilimkuta uani Mwembesongo anapepeta mchele wa Turiani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Kuna harusi?"

"Nimekuja kupanda mlima na shemeji."

Akauweka ungo chini, akanitazama kuanzia kola hadi viatu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka Kibwana akatoka ndani kuuliza kulikoni. Kibwana ni Mluguru wa huko huko juu, mfupi, mwenye miguu migumu kama mizizi, na mdomo wake hauna likizo. "Shemeji," akasema, "huko tunakwenda kwenye matope. Au umesikia mlima unaoa?" Nikamwambia fundi hatembei kama mpagazi. Akatikisa kichwa, lakini niliona ananihifadhia neno.

Kesho yake asubuhi tuliwasubiri watalii chini ya mlima, njia ya kwenda Morningside. Walikuja wawili, mzee na mkewe, ambao Kibwana aliwaita Mzee Pita na Mama Pita. Enyi watu wa Gairo, ningependa mngekuwepo! Mzee kavaa kaptura, mvi zake na heshima zake zote, magoti nje. Kofia ya kitambaa yenye kamba kidevuni, kama ya mtoto anayeogopewa kuipoteza. Shati limepauka, ukilitazama hujui lilianza rangi gani. Mama Pita, mtu wa umri wa mama yangu, yuko ndani ya suruali, buti za kamba, na khanga mpya ya sokoni kaizungusha shingoni kuzuia jua.

Moyo uliniuma. Nikamvuta shemeji kando. "Masikini, hawa wamefilisika?"

"Hawa? Yule mzee ni daktari mkubwa kwao."

"Sasa mbona amesafiri na nguo ya kulimia?"

Kibwana akainua mabega, akaanza kupanda.

Njia ile ni ya mwinuko mkali, udongo mwekundu, na usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha. Kabla jua halijashika kasi nilikuwa nimeteleza nikakalia suti. Mistari ya pasi ikaaga. Jasho likanishika mgongoni mpaka kitambaa kikanigandia. Wale wazee wawili wakapanda mbele yangu taratibu, wakisimama kutazama ndege, wakikalia jiwe lolote lililo karibu, wakipangusia mikono kwenye nguo zao, wala hawajitazami. Nilianza kuwaonea wivu, na wivu wenyewe ukageuka nusu yake kuwa heshima. Tangu nizaliwe sijakaa chini bila kukagua kwanza.

Akina mama wa Kiluguru walikuwa wanashuka kwenda sokoni na matenga ya karoti na kabichi kichwani, pekupeku, khanga zimebanwa kiunoni, wanatembea kwenye utelezi ule kama wako kwenye sakafu. Mmoja akasimama kutupisha. Akamtazama Mama Pita, akanyoosha mkono, akaivuta vizuri ile khanga shingoni mwake mpaka maandishi yakaonekana. Mama Pita akacheka, akamwinamia. Kisha yule mama akanitazama mimi na matope yangu, akasema, "Pole mwalimu."

Hatukufika mbali, mzee akanaswa na mti wa miiba. Mkono wa shati ukachanika, chraaa. Nadhani nilisikia mimi kabla yake. Mimi sindano yangu huwa imechomekwa nyuma ya kola, imezungushiwa uzi, popote niendapo. Nikamwambia shemeji, "Mwambie avue. Nitalishona hapa hapa, bure, mgeni wetu huyu." Mzee akalivua, akabaki na fulana, wakaenda na mkewe kunawa uso kwenye kijito. Mimi nikakaa kwenye jiwe. Safari hii sikukagua kwanza.

Mkono ulinichukua muda mfupi. Lakini nilipoligeuza shati, masalaale! Mgongoni, chini ya mabega, mshono wote umeachia, kutoka bega hadi bega, unaingiza mkono mzima. Makwapani nako matundu, mstari wa matundu madogo kila upande. Nikatikisa kichwa. Daktari mkubwa, anatembea ameachia mgongo, na mkewe hajamwambia! Nikasema moyoni, Hamisi, hapa ndipo mzungu atajua fundi ni nani. Nikashona. Nikaufunga mgongo kwa mshono wa kurudia, nikayaziba matundu moja moja, nikakata uzi kwa meno, nikalipapasa. Kazi ilikuwa safi sana.

Mzee akalivaa, akautazama mkono wake, akaushangaa. "Asante sana, asante sana!" Tukaendelea. Mimi natembea kifua mbele.

Haukupita mwendo mrefu nikaona mzee anasimama mara kwa mara. Uso umekuwa mwekundu. Anajipepea kwa kofia, anajipapasa mgongoni, anaguna. Mama Pita akaenda nyuma yake, akainua kipande cha juu cha shati, akachungulia. Akainua mkono wa mumewe, akachungulia kwapani. Halafu akaanza kucheka, akashika mti asidondoke, akazungumza na Kibwana kwa Kiingereza, na Kibwana naye akakaa chini kabisa kwenye matope.

"Shemeji," akasema machozi yanamtoka, "umemfungia mzee wa watu madirisha."

"Madirisha gani?"

"Ya upepo! Shati limeshonwa hivyo hivyo ili jasho litoke. Wamemlipa fundi aache wazi, wewe umeziba!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, suti na yote. Nimekaa na kitambaa maisha yangu yote, nikamtia daktari jasho la mgonjwa! Nikaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, mikono kifuani. Mzee akanishika bega. Akasema maneno, Kibwana akayatafsiri akiwa bado anapangusa macho: anasema shati hili analivaa kila likizo tangu watoto wake wakiwa wadogo, na leo ndiyo mara ya kwanza limeshonwa na mtu aliyelihurumia.

Tulipofika Morningside, kwenye lile jengo la zamani linalotazama mji, nililifumua shati upya. Safari hii nililisoma. Kumbe ule mgongo ni vipande viwili. Cha juu kinashuka kama kibaraza, cha chini kimeanza ndani yake, katikati upepo unapita na mvua haiingii. Chini ya mfuko wa kifua kuna mfuko mwingine, wa zipu, ambao hata mimi sikuuona kwanza. Nikauliza, kupitia kwa shemeji, kwa nini mtu mwenye suti nyumbani anasafiri na hili. Mama Pita ndiye aliyejibu: kwao suti humfanya mtu atazamwe, na wao wamekuja hapa kutazama.

Jibu hilo lilinikaa. Nililibeba mpaka chini, matope yamenikaukia matakoni.

Jioni dada Zubeda aliniazima shati la mumewe, akaifua suti yangu. Nilijua neno litakuja. Wakati wa kula akasema, "Sasa ofisa, umeona ulichofuata?" Nikamwambia nimeona, na namshukuru Mungu nimekiona kwa ndani.

Njia nzima ya kurudi Gairo sikutandika gazeti kwenye kiti. Nilikuwa nawafikiria watu wetu, nikawaona kwa mara ya kwanza kama mtalii. Makuli wanabeba magunia ya mahindi jua la saa nane, migongo imelowa. Wanunuzi wa karanga siku hizi wanatembea na fedha zao wenyewe, wamezifunga kwenye soksi, wanachechemea soko zima. Nani aliwahi kuwashonea hawa? Mimi nilikuwa nashonea picha za harusi.

Nilinunua kaki dukani kwa Bwana Jivan, nikashona shati la kwanza, kibaraza mgongoni, zipu chini ya mfuko. Nikampa kuli mmoja avae siku ya gulio. Alipotua gunia la mwisho, wenzake walikuwa wanampapasa mgongo. Wiki ile niliwasha taa ya karabai ili nimalize kazi, na Bwana Jivan akawa ananiletea chai bila kukaa, maana hapakuwa na nafasi. Pale kwetu wameliita shati la mlima.

Siku mbili kabla ya Idi, Side akaja. Nikasimamisha cherehani. Alikuwa amevaa shati zuri la mtumba, limemganda mgongoni, na mkono mmoja ameushikiza kwenye mfuko kama anayeogopa kuibiwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umekuja kuitazama baraza?"

Akatazama chini. Akatazama meza yake kule sokoni, marobota yamejaa.

"Hapana fundi. Pale juu ya meza jua linaniua, na vibaka wamenizoea. Mashati yote yale ya Ulaya, nimepekua mpaka chini, lenye upepo sikuliona. Nishonee."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Niliyaandaa tangu Bwana Jivan aliponiletea ile chai. Lakini shati lake lilikuwa limelowa kweli. Nikavuta futi kutoka shingoni, nikamwambia ageuke, tuanze na mgongo.