Utando wa Mafuta Tumboni mwa Mama

Nilimchukia yule daktari kwa sababu ya nguruwe. Kweli kabisa, sikuwa na sababu nyingine.

Tulikuwa tumesafiri siku nzima kwa basi kutoka Mbinga hadi hospitali ya rufaa, mimi na mama, tumbo lake limejaa maji kiasi kwamba kitenge hakifungi. Majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yalikuwa mezani: kansa ya ovari. Daktari alikuwa kijana, amevaa raba, na hakutuzungusha. Akamgeukia mama, mimi akaniacha kando, akamwuliza, "Mama, kwenu mnachinja nguruwe?"

"Tunachinja," mama akasema. "Kila Krismasi."

"Unaujua ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, kama kitambaa cha kufuma?"

Mama akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka. "Huo si ndio tunaokaangia!"

"Basi na sisi binadamu tunao. Kansa ya aina hii hupenda kujishikiza hapo. Tukikupasua tutatoa ovari, tutatoa kizazi, na utando huo nao tutautoa. Mtu anaishi vizuri tu bila huo. Nina nafasi Jumatatu ya tatu kuanzia leo."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia anayoijua. Mimi nikachemka. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na nina mdomo, waulize watu wa Mbinga. Nilikuwa nimejiandaa kusikia maneno makubwa ya kitaalamu, niyapokee mimi, kisha nimtafsirie mama yale ya kumtosha. Badala yake huyu bwana mdogo ananichinjia nguruwe mbele ya mama yangu! Kabla mama hajasema neno nikasema, "Asante, daktari. Sisi tunampeleka India."

India yenyewe nilikuwa sijaiwaza hata dakika moja. Mume wa mwalimu mwenzangu alitibiwa huko akarudi ana mashavu, basi likanitoka tu. Daktari hakubishana. "Ni haki yenu, dada. Ila operesheni ni ile ile, na muda ndio dawa. Nafasi ya Jumatatu nitamshikia." Siku tano baadaye nilimpigia simu mwenyewe, nikamwambia ampe mtu mwingine.

Mama alikuwa akiishi Mbuji, kijijini kwetu mlimani, na mdogo wangu wa kiume, anayelima kahawa. Nilipomweleza mdogo wangu habari ya India akasema, "Dada, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa nini tusimalizie hapa hapa?" Nikamjibu, "Wewe baki na kahawa zako." Naandika maneno haya na yananichoma. Akanyamaza, maana kwetu mtoto wa kwanza akiwa amesoma, akishasema, wengine wanakunja mikono.

Basi nikaanza kushughulika, na Mungu wangu, jinsi nilivyoshughulika! Wakala wa safari za matibabu alinitumia kwenye simu picha za ukumbi wa mapokezi wa hospitali ya huko, una maua na chemchemi ya maji. Nilizionyesha kwa walimu wenzangu wote. Lakini pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa, na mama hakuwa nacho. Alizaliwa Kihagara, chini ziwani, akaolewa huku mlimani, na ushahidi pekee wa kuzaliwa kwake ulikuwa kitabu cha ubatizo cha kanisa la kwao.

"Nipeleke na mimi," akaniambia. "Nikaone ziwa."

"Utachoka, Mama. Tunza nguvu za ndege."

Nikashuka peke yangu. Mzee wa kanisa alifunua kurasa hadi akampata mama, mtoto mchanga kwa wino uliofifia. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa, wa umri wa mama, waliposikia mimi ni mtoto wa nani walinishika mikono. "Mwenzetu mbona hukuja naye?" Nikawaambia atakuja akishapona. Ningemtia tu kwenye gari. Kingeharibika nini?

Cheti kilipopatikana, mashine ya alama za vidole ikamkataa. Miaka yote ya jembe, ya kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, na ya kuchuma kahawa, ilikuwa imemlainisha vidole hadi havina mistari. Binti wa ofisini alimpaka mafuta, akamfuta, akajaribu tena. "Mama, njoo wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine.

Katikati ya hayo ikafika ile Jumamosi. Nilikuwa nimepanda Mbuji asubuhi kumletea mama sukari. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, ameoga, amevaa kitenge cha kanisani, mkoba uko miguuni. Ndani mna khanga mbili, sabuni na rozari.

"Umechelewa," akasema. "Basi litatuacha. Keshokutwa si ndiyo Jumatatu yangu?"

Alikuwa amehesabu mwenyewe. Wiki zote hizo nazungumza ndege na pasipoti, yeye alidhani hayo ni mambo ya baadaye, baada ya operesheni aliyoikubali. Na mimi, badala ya kumwambia ukweli, nikasema, "Daktari amesafiri, Mama. Kikazi."

"Atarudi lini?"

"Sijui."

Akaingia ndani, akabadilisha nguo, akakikunja kile kitenge. Jioni tuliposali rozari akaweka nia: daktari asafiri salama, arudi salama. Nikaitikia amina. Mtu mzima, mwalimu, nikaitikia amina.

Pasipoti ilipotoka, wakala akataka picha mpya ya tumbo. Tukapiga, tukatuma. Barua ya madaktari wa huko ilikuja kwa Kiingereza kilichonyooka. Walisema wangefanya operesheni ya kutoa ovari, kizazi na kitu kingine ambacho mimi, mwalimu wa Kiingereza, sikukijua jina lake. Nikalitafuta kwenye simu. Ulikuwa ni ule utando. Chini yake waliandika kwamba kwa picha hii ugonjwa umeshatambaa hadi kwenye utumbo na juu ya ini, kwa hiyo hawashauri kumpasua sasa, wala kumsafirisha. Aanze dawa za dripu huko huko aliko, na tumbo likikubali ndipo waliangalie tena. Nilikaa kwenye ofisi ya walimu nikaisoma mara tatu, nikitafuta mahali walipokosea.

Tumbo halikukubali. Alipata dripu tatu, tukamzika Mbuji. Watu wananiambia majuto ni mjukuu. Wasiniambie, nimeshaambiwa. Wananiambia pia kwamba pengine hata ile Jumatatu isingemponya, na daktari mwenyewe alisema hivyo, hakuna ajuaye. Sawa. Lakini ilikuwa yake, na aliikubali kwa kichwa chake mwenyewe.

Siku tuliporudi kwa daktari, kabla ya dripu hizo, mama alikuwa hawezi kutembea bila kunishika. Daktari akasimama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Daktari akanitazama. Nikaangalia sakafu. Angeweza kuuliza, "Safari gani?" na angekuwa na haki yote.

"Nimeshapoa, Mama," akasema. "Nimerudi."

Kisha akavuta kiti, akakaa magoti yao yakikaribiana, akamweleza yote kwa lugha ile ile nyepesi: kwamba kisu sasa hakiwezekani, kwamba dawa za dripu zinachosha, kwamba anaweza kuzianza au akaamua kukaa nyumbani na dawa za maumivu tu, na hakuna atakayemlaumu. "Sasa Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Safari hiyo nilinyamaza. Niliuma meno nikanyamaza, nikamwachia nafasi. Mama akasubiri. Halafu akanigeukia.

"Sema basi, mwanangu," akaniambia. "Si wewe ndiye unayesema?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshazoea.