Nilibadilisha Jina Lake Tu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya, hata nikiwa peke yangu jikoni nakata vitunguu. Umeniandikia kwamba umepata nafasi ya kusomea uhudumu wa vijana hapa hapa Guangzhou, shahada ile ya siku tatu kazini na siku mbili darasani, ukaniomba neno moja la kukusaidia. Neno moja sina. Ninalo tukio, na nitakusimulia lote, pamoja na pale nilipokosea. Ya vitabuni watakufundisha wengine.

Niliingia mafunzo hayo nikiwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Tanga kwa ufadhili wa masomo, Kichina changu bado cha kuungaunga. Nilipangiwa kituo cha vijana kwenye uchochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, karibu na Tianxiu Dasha, lile jengo ambamo watu wetu wana maduka na ofisi za kago. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili, meza moja ya mpira wa meza, na birika la maji ya moto lisilopoa. Vijana wa Kichina walikuja, na wetu pia walikuja. Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo tuliyemwita Liang laoshi, yaani Mwalimu Liang. Yeye ndiye aliyetakiwa kutia sahihi daftari langu la kazi. Bila sahihi yake, shahada hakuna.

Nilikuwa mdadisi tangu utoto. Bibi yangu akinituma dukani, nilirudi na habari za mtaa mzima na chumvi nimeisahau. Kwa hiyo niliona kazi hii imeumbwa kwa ajili yangu: kukaa na vijana, kuwauliza, kujua. Nilitembea na kijitabu cha jalada jekundu, na kila nilichosikia nilikiandika.

Kila Jumamosi alikuja binti mmoja wa miaka kumi na sita. Nimwite Subira. Alikuwa ameletwa China akiwa mdogo, mama yake akiuza viatu vya jumla kwenda Dar es Salaam. Subira alizungumza Kichina kama aliyezaliwa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao Temeke. Lakini pale kituoni hakusema na mtu. Alikaa karibu na dirisha, begi la shule magotini, anatazama nje. Jambo hilo lilinisisimua. Nilitaka kujua kuna nini.

Nikamwuliza. Mwanangu, nilimwuliza kama polisi wa uhamiaji. Unalala saa ngapi? Unakula na nani? Una marafiki? Mbona umekonda? Alinijibu kwa kupandisha mabega. Jumamosi ya nne, nadhani ili nimwache apumue, akaniambia jambo moja. Wiki tatu nzima alikuwa hajaingia darasani. Asubuhi aliondoka nyumbani na sare, akashuka kituo cha treni, akazunguka Zhanxi kwenye maduka ya nguo hadi saa za kutoka shule.

"Usimwambie mama, dada," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Nipe siku chache tu."

Nikamkubalia. Kisha nikageuka nikaandika ukurasa mzima.

Wiki iliyofuata chuoni tulitakiwa kueleza mbele ya darasa kisa kimoja kutoka kazini. Wenzangu walikuwa na visa vya kawaida. Mimi nilikuwa na Subira. Nikabadilisha jina lake nikamwita Asha, nikasimama, nikasimulia: msichana kutoka nyumbani, wa miaka kumi na sita, mama yake muuza viatu, anajua Kichina kuliko walimu wake, anazurura Zhanxi na sare ya shule. Nilipomaliza walipiga makofi. Nakuambia kweli, nilitembea hadi bwenini nikitabasamu.

Darasani tulikuwa na mwenzetu mmoja wa kutoka Mwanza, kijana mwema asiye na neno baya na mtu. Jumapili alikwenda kula pilau kwenye mgahawa wa watu wetu, akakisimulia kisa hicho mezani kama jambo la kusikitisha. Meza ya pili alikuwa amekaa Mama Subira.

Jumatatu mchana mama huyo aliingia kituoni bado ana kalamu ya kuandikia oda sikioni. Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele.

"Mwanangu unamjua wewe kuliko mimi?" akaniuliza. "Mji mzima unajua, mimi naletewa kwenye sahani?"

Subira alikuwa nyuma yake, mlangoni. Nikaanza kujitetea, nikasema sikumtaja, nilitumia jina lingine. Hapo yule binti akafungua mdomo.

"Ulibadilisha jina langu tu, dada. Vingine vyote uliviacha vyangu."

Wakaondoka. Nikabaki nimesimama kati ya viti.

Mwalimu Liang alikuwa amesikia yote. Kiswahili hajui, ila uso wangu ulimtosha, na mengine nilimweleza mwenyewe kwa aibu. Alinimiminia maji ya moto kwenye kikombe, akaomba kile kijitabu chekundu, akakipitia polepole ukurasa kwa ukurasa, mimi nikimtafsiria. Kisha akasema, "Hapa kuna maswali mengi. Nionyeshe lile ambalo jibu lake lingemsaidia yeye."

Nilitafuta. Nilifungua mbele, nikarudi nyuma. Sikuliona hata moja. Yote yalikuwa ya kunishibisha mimi.

Hakuniwekea sahihi. Alisema nitairudia nusu ile ya mwaka upya, na kwamba kwanza niende nikaombe radhi, nisiende na kalamu. Usiku huo, sikufichi, nilitafuta bei ya tiketi ya kurudi nyumbani. Lakini nikajiuliza: nikirudi, nitakuwa nimemwacha nani pale dirishani?

Nikaenda dukani kwa Mama Subira, ghorofa ya tatu Tianxiu. Nikamwomba radhi yeye, nikamwomba radhi binti mbele ya mama yake, bila kueleza nia yangu ilikuwa nini. Mama akanitazama sana. Mwishowe akasema, "Kuna viatu vya kupanga humo." Nikavua koti nikapanga viatu. Siku ya pili nikarudi, na ya tatu. Subira naye alipanga, upande wa pili wa makatoni. Nikazuia ulimi, mwanangu, na hakuna kazi ngumu niliyowahi kuifanya kama hiyo. Niliongea naye habari za saizi na rangi. Mwuzaji wa jirani akitaja bei ya juu, Subira alimjibu "tai gui", ghali mno, kwa sauti ya kibibi, nikacheka, naye akacheka kidogo.

Yanayofuata nayasema kwa ruhusa yake. Sasa ni mtu mzima, nilimpigia simu juzi. Akasema, "Simulia, ila usinifanye wa kuhurumiwa." Na safari hii nimebadilisha zaidi ya jina.

Alasiri moja tukifunga katoni, bila kuulizwa, akasema, "Unajua kina mama wa kwetu huwa wananichukua hospitali niwatafsirie?" Nikasema sikujua. Akaendelea huku akivuta utepe wa gundi. Dada mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa amemchukua asubuhi kabla ya shule. Daktari alipima, akapima tena, akamgeukia Subira akamwambia kwa Kichina kwamba moyo wa mtoto umesimama. Yule dada amelala kitandani, anamvuta mkono: "Amesemaje? Subira, amesemaje?"

"Chumba kizima nilikuwa najua mimi na daktari tu," akaniambia. "Nikatamani nisijue lugha yoyote. Nikamwambia. Tangu siku hiyo mwalimu akiniuliza kitu darasani, nasikia maneno ya yule daktari. Ndiyo maana nikaacha kwenda."

Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya rafu. Naye hakuwa amejua. Alikuwa akijivunia binti yake anavyowasaidia watu, akiwatajia hata wateja. Alikaa chini juu ya katoni, akamvuta Subira, akamlaza kifuani kama mtoto mchanga. Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye korido hadi waliponiita.

Swali langu la kwanza la maana nilimwuliza siku hiyo: "Ungependa kifanyike nini?" Akafikiri. Akasema asingependa mtoto mwingine asimame pale aliposimama yeye. Basi tukampelekea Mwalimu Liang wazo hilo, Subira mwenyewe akaeleza. Wanafunzi wakubwa wa vyuo tukajipanga kwa zamu kuwasindikiza wagonjwa, na kituo kikatangaza namba ya kupiga. Yule kijana wa Mwanza ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha. Subira alirudi shule taratibu, wiki za kwanza siku mbilimbili tu, mwalimu wake akikubali ajibu kwa kuandika. Mimi nilimaliza shahada nusu mwaka baada ya wenzangu, na sijawahi kuujutia muda huo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Usiuue udadisi wako, maana mtu asiyetaka kujua hawezi kuwahudumia vijana. Ila kabla hujauliza, jiulize jibu ni la nani. Ulichopewa kwa siri usikigeuze kuwa kazi ya darasani. Na pale siri inapohatarisha maisha ya kijana, mwambie mwenyewe kwanza kwamba huwezi kukaa nayo, na kwa nini. Ukikosea, nenda ukaombe radhi mapema, ukae, ufanye kazi iliyopo. Na msimamizi akikunyima sahihi, usimchukie.

Mungu akupe masikio yasiyochoka na ulimi wenye subira. Akupe watu wa kukuambia ukweli ukiwa bado una muda wa kujirekebisha, na vijana watakaokuja kwako wakute mahali pa kupumzikia. Nenda, mwanangu, na heri iwe nawe.