Ndoo ya Ghorofa ya Juu

Wapangaji wa lile jengo refu la katikati ya mji wa Moshi walipenda kunisimulia mzimu wao, bila kujua wanamsimulia binti yake. Baba alisafisha madirisha pale tangu enzi kahawa ina bei. Siku moja kamba ikakatika, akaanguka hadi barabarani. Ilipokuja miaka ya ruksa, kila mtu akiruhusiwa kufanya biashara, ofisi zikahama, vyumba wakapewa wauza mitumba na sisi mafundi cherehani, na kila mtu akawa anasikia ndoo ikiburutwa ghorofa ya juu. Mteja mmoja akaniambia eti yule marehemu alitolewa kafara ili jengo lisimame. Nilimwambia akome, na suruali yake nikaipunguza kuliko alivyoomba.

Habari za ndoo zilipomfikia mama kule mlimani, hakuogopa. Alilia tu, akasema, "Hajaitwa."

Katika ukoo wetu, aliyekufa kwa ajali ugenini unaweza kumzika kihambani, kwenye migomba yake, na bado mwenyewe akabaki kule alikoangukia. Lazima mtu wa nyumbani aende na jani la sale, lile tunalopanda mipakani, amwite, amrudishe. Na aliyeshika jani hafungui kinywa njiani. Akisema neno, marehemu anasimama hapo hapo. Baba mkubwa, kaka yake baba, ni mzee wa kanisa. Siku ya maziko alikataza jambo hilo, akaliita ushenzi. Mama alimtii miaka yote ile, na mimi utii ule uliniudhi.

Safari hii hakumwomba ruhusa. Tulipanda naye hadi dirisha la juu, akaligusa kwa jani, akaongea taratibu kwa Kichagga. Alimwambia ng'ombe amezaa. Alimwambia kahawa tumeing'oa, asije akashangaa. Kisha akanyamaza, tukashuka.

Tulikwenda kwa miguu, maana kwenye gari lazima useme unashukia wapi. Mimi nilitangulia, nikawa mdomo wake. Kila aliyetusalimu nilimwambia mama anaumwa jino.

Pale Kiboriloni, sokoni, tukakutana uso kwa uso na baba mkubwa. Nilimwamkia kwa niaba yetu sote. Aliangalia lile jani, akamwangalia mama.

"Na wewe umekuwa bubu?"

Mama alikuwa mke wa ukoo ule tangu usichana wake, na hajawahi kumpita mkubwa wa mume wake bila salamu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba," akasema, akaendelea na safari zake.

Mama alikaa chini palepale kando ya mafungu ya ndizi, jani mapajani. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wote, na sijaacha.

Mjini wakasema ghorofa ya juu imetulia. Haukupita muda, wauza ndizi wa Kiboriloni wakaanza kusimulia kuhusu mwanaume mwenye ndoo, anayeuliza njia ya kupanda mlimani. Tangu hapo mama alikuwa akishuka kila siku ya soko, hana cha kuuza wala cha kununua, anasimama pale mpaka watu watawanyike.

Alifia hospitali mjini. Kabla hajafa alinishika mkono akasema, "Mnipitishe Kiboriloni. Na wewe usije ukaongea."

Tulimbeba kwa pikapu. Baba mkubwa alikaa mbele na dereva, kama ilivyo haki ya mkubwa. Mimi nyuma na jeneza, jani la sale mkononi. Tulipofika sokoni nilimwomba dereva kwa ishara asimame. Niliteremka, nikapagusa kwa jani pale chini alipokaa mama siku ile, nikapanda tena.

Baba mkubwa alitoa kichwa dirishani, akaniuliza nafanya nini. Akauliza tena, kwa sauti ya kuamrisha. Akaniita "binti yangu", akaniita jina la ukoo, mwishowe akanilaani mbele ya watu wote wa soko. Nilimwangalia tu, na niliendelea kunyamaza mpaka tulipoingia migombani.